Uzinduzi wa Kitufe cha Kuhifadhi Fomu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na hivyo nimejiteua mwenyewe kumwakilisha. Mheshimiwa mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Mafao ya Wastaafu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Fomu, wa Kamati Ndogo ya Fomu, na wa Kikosi Kazi kinachochunguza kwa nini kamati hizo ni mbili. Wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na wale wanaokaimu nafasi za makaimu. Mke wangu mpendwa. Shemeji yangu, mzabuni wetu, aliyeshinda zabuni kwa haki kabisa baada ya wenzake wote kutoambiwa kwamba ipo. Wanahabari, bahasha zenu ziko kwa katibu muhtasi. Na ninyi wastaafu mliokaa huko nyuma juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mzee mmoja aliyesinzia anaamshwa ili naye apige.)

Ndugu zangu, miaka miwili iliyopita idara yangu iliachana na makaratasi na kuwaletea fomu ya kielektroniki, yenye kurasa kumi na nne na maswali mia moja na sita, fomu ambayo inafunguka, inajazika, na kwa kweli inapendeza machoni. Kasoro yake ilikuwa moja tu, ndogo, ambayo watu wasiopenda maendeleo wameivumisha kila kona: ukishaijaza, haihifadhiki. Sababu ni ya kitaalamu. Programu tuliyonayo ni ile ya bure, na hiyo ya bure inakuruhusu kusoma na kujaza utakavyo, ila ukitaka majibu yako yabaki humo, lazima ununue leseni ya ile ya kulipia. Vinginevyo ukiifunga tu, kila ulichoandika kinayeyuka, na kesho yake unaikuta fomu nyeupe kama vile hujawahi kufika duniani. (Miguno.) Ndiyo, mngeweza kuichapa, kama mashine yetu ya kuchapa ingekuwa na wino. Wino uko katika awamu ya tatu ya mradi.

(Sauti kutoka nyuma: “Si mturudishie karatasi tu!”)

Nani huyo? Karatasi ni mambo ya kizamani, bwana. Katika idara nzima, fomu za posho za wakurugenzi ndizo pekee zilizobaki za karatasi, tena ni kwa sababu za kiusalama.

Sasa niingie kwenye takwimu. Bei ya leseni hiyo, ndugu wananchi, ni kama bei ya godoro zuri la watu wawili. (Mshangao. “Godoro?”) Ndiyo, godoro. Lakini serikali hainunui kitu kama mtu anavyonunua godoro, anaingia dukani, analibonyeza, analibeba kichwani na kuondoka! Serikali ina mchakato. Tulianza na upembuzi yakinifu, tukaja na semina elekezi ya siku tisa hotelini kuhusu maana ya neno kuhifadhi, kisha mimi na maofisa wangu sita tukasafiri ng'ambo mara tatu kwa ajili ya benchimaking, yaani kujifunza kwa wenzetu, na huko nilimwona kwa macho yangu mawili binti mmoja wa mapokezi akijaza fomu, akabonyeza kitufe, fomu ikahifadhika. Nilitokwa na machozi. Nikaomba abonyeze tena, na safari ya pili na ya tatu zilikuwa za kuhakiki kwamba bado anabonyeza. Kwa hiyo msishangae mkisikia kwamba leseni ni asilimia mbili ya gharama za mradi, na asilimia tisini na nane ni gharama za kujiandaa kuinunua. Huo ndio uwajibikaji. (Meza kuu inapiga makofi. Viti vya nyuma vinatazamana.)

Na ili msije mkasema ni porojo, tangu asubuhi hapa jukwaani tunafanya dimonstresheni laivu. Mnamwona karani wa dirisha namba mbili kwenye kompyuta yake, na pembeni yake ni mama yetu, mkunga mstaafu, aliyewapokea watoto wa mji huu kwa miaka thelathini na nne, na ambaye fomu yake ya mafao ameshaijaza mara saba.

(Mkunga: “Nane.”)

Mara nane, asante mama. Nawakumbusha pia kwamba rejista ya mafao inafungwa leo, saa nane kamili mchana, na ambaye fomu yake haijaingia jina lake linafutwa moja kwa moja. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe. Mlipaswa kupiga makofi hapo.

(Mkunga: “Mwanangu, hebu fupisha. Saa saba na nusu hii, na nina wajukuu wanne wanaokula kwa hicho kipesa.”)

Nafupisha, mama, nimebakiza kurasa kumi na moja tu. Karani, mko wapi?

(Karani: “Swali la mia moja na tano, mheshimiwa. ‘Mwombaji atoe ushahidi kwamba alizaliwa.’”)

(Mkunga: “Andika hivi: nimezalisha watu elfu sita na sikumwomba hata mmoja ushahidi. Na huyu anayehutubia alipita mikononi mwangu. Alitoka anapiga kelele, na hajapumzika mpaka leo.” Kicheko kirefu. Mke wa mkurugenzi anajifuta macho.)

Nashukuru kwa ushuhuda huo, ambao unathibitisha kwamba uongozi nilizaliwa nao. Mmemaliza? Vizuri. Maswali yote mia moja na sita yamejazwa, na mbele yenu kwenye skrini kubwa mnakiona kitufe cha kijani kilichoandikwa HIFADHI, matunda ya miaka miwili ya kukesha kwangu. Wapiga picha, sogeeni. Mnipige kutoka upande huu wa kushoto. Karani, bonyeza!

(Karani anabonyeza. Hakuna kinachotokea.)

Bonyeza tena, kwa unyenyekevu.

(Karani: “Nimebonyeza, mheshimiwa. Kimya.” Shemeji anatoka nje kupokea simu ambayo haijaita.)

Ndugu zangu, sistimu yoyote mpya huwa na haya. Wakati inajipanga, nihitimishe kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru hafai kupewa bajeti. Namshukuru shemeji yangu kwa kuleta lile boksi la programu kwa wakati, na ingawa tulipolifungua jana tulikuta kalenda za mwaka juzi, zilikuwa zimefungwa vizuri sana. Namshukuru kijana mchora mabango, aliyekichora kitufe hiki cha kijani kwa nusu siku na kukibandika juu ya picha ya fomu kwenye skrini kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi nilikaribia kukibonyeza. Naishukuru kamati ya maandalizi, kwani tulipogundua kwamba fedha iliyobaki baada ya mchakato haitoshi kununua leseni, hawakukata tamaa. Waliitumia kukodi mahema, viti, skrini na jenereta, ili walau uzinduzi uwepo. (“Kwa hiyo hakuna kitu?” “Hakuna kitu!” Zogo.) Tulieni! Na kipekee namshukuru mwenye jenereta, ambaye tulimlipa mpaka saa nane kasorobo, na ambaye namwona pale anainama kwenye swichi, mtu anayeheshimu mkataba...

(Mkunga, amesimama: “Wee! Usizime! Fomu yangu iko wazi humo!”)

(Jenereta inakohoa na kunyamaza. Skrini inakuwa nyeusi. Kipaza sauti kinakufa. Karani anashika kichwa. Mkurugenzi anaendelea kwa sauti yake mwenyewe.)

Mnanisikia? Mnanisikia. Nikisema “Jaza”, mtaitikia “Hifadhi”. Jaza!

(Wastaafu wanatazama skrini nyeusi.)

Jaza!

(Mtoto mmoja anaitikia. Mama yake anamziba mdomo.)

Asanteni. Mama mkunga, usiniangalie hivyo, mimi ni mtoto wako. Kazi ya kujaza wewe umeshaizoea, na awamu ya pili ikizinduliwa mwakani utakaa na mimi meza kuu.

(Mkunga: “Na jina langu? Bado robo saa, baba. Niandike hata kwa mkono.”)

Kuandika kwa mkono haturuhusiwi tena, mama, tumeshaingia dijitali. Lakini kuhusu jina lako ondoa hofu kabisa, halitasubiri umeme wala leseni. Rejista ni daftari, liko hapa kwapani mwangu, na kalamu ya kufutia ninayo.