Nyangumi wa Naipingo

Jumatatu, 7 Julai 2003
Redio imesema meli ya watafiti imeingia bahari ya barafu, kaskazini kabisa, kuchunguza nyangumi. Wanashusha vinasa sauti majini, wanasikiliza. Jumamosi saa kumi jioni watarusha hewani sauti zenyewe! Tangu mke wangu Dionisia afariki nasikiliza kila kitu peke yangu. Hili, hapana. Nimealika majirani wote. Habibu, ambaye shamba lake limepakana na kiwanja changu, amesema Jumamosi watu hunywa kahawa barazani kwake. Kama kawaida.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata mbinu. Watu hawaji kwa sababu hawajui ukubwa wa nyangumi. Nitawaonyesha. Nimechonga vigingi, nimevipaka rangi nyekundu vichwani vionekane, nimevipigilia ardhini kwa umbo la nyangumi, nimevizungushia kamba. Mita ishirini na saba! Kiwanja changu kimeishia tumboni. Mkia umeingia kwenye mikorosho ya Habibu. Hakuwepo, amekwenda Nachingwea mjini kununua salfa, dawa ya kuipulizia. Sidhani atajali.

Ijumaa, 11 Julai
Watu wanapita polepole wakitazama vigingi. Hawasalimii. Mshangao wa kisayansi! Mwamina, muuza maandazi, ameniuliza mkorosho mmoja unalipwa fidia kiasi gani. Sikuelewa swali. Nimeagiza maandazi ya kutosha uwanja mzima.

Jumamosi, 12 Julai
Wamekuja! Wengine na mapanga. Nikadhani wametoka shamba. Nikawakaribisha maandazi. Wakayala wamesimama. Habibu akasema mradi wa karanga wa Waingereza ulianza hivi hivi, kwa vigingi, na baba yake akahamishwa shambani kwake. Nikaeleza kwa upole kwamba huyu ni nyangumi.

"Mwalimu," akasema, "samaki gani ana vigingi?"

Nikamsahihisha: nyangumi si samaki, ananyonyesha. Wakang'oa vyote. Kamba wakaondoka nayo.

Saa kumi nikafungua redio. Benchi tupu. Sauti ya nyangumi ni nzito, inavutwa polepole. Mtaalamu alieleza kuwa mmoja huita na mwenzake hujibu kutoka mbali sana. Huyu wa leo aliita mpaka kipindi kikaisha.

Jumapili, 13 Julai
Nimetafakari kwa utulivu. Mara ya mwisho kupata wageni wengi namna ile ilikuwa matanga ya Dionisia. Kwa hiyo vigingi havina kosa. Kosa ni nyangumi: mdogo mno.

Meli ile, kwa mujibu wa redio, ina mita themanini. Nimeanza kuchonga. Itaanzia barazani kwa Habibu.