Pingamizi Langu kwa Tangazo la Pontiac

Kings Heath, Birmingham
16 Septemba 2007

Kwa Ndugu Évariste,
Mhariri, Jarida la Ushirika wa Waswahili

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa jikoni kwangu, chai pembeni, na hasira nimeisogeza kidogo isije ikamwagikia karatasi.

Katika ushirika wetu, tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu. Mwenye pingamizi husimama akalisema, la sivyo anyamaze maisha. Wewe umechapa tangazo la gari la mume wangu Jairus Jumapili thelathini na saba mfululizo, na hakuna aliyesimama. Basi mimi Kerubo, mke wake wa ndoa, nasimama.

Tangazo lenyewe wote mnalijua kuliko Zaburi ya ishirini na tatu: “Gari linauzwa. Pontiac GTO ya mwaka 1968, kutoka Marekani, limefufuliwa kwa mikono, rangi ya chungwa. Mnunuzi awe mtu wa heshima.” Hapo penye heshima ndipo ungemshika mkono umuulize, tangu lini muuza gari akachunguza tabia za mnunuzi? Hukumuuliza. Matokeo yake nayaeleza hapa chini.

1. Jairus hauzi gari. Anaozesha binti. Mnunuzi wa kwanza alitoka Wolverhampton, mtu mpole, akatoa bahasha mfukoni akiwa bado mlangoni. Jairus alimwambia airudishe, aingie, anywe chai, kwa sababu kwetu bei haitajwi siku ya kwanza, na mara ya pili aje na wazee wake. Yule bwana akasema hana wazee, ana mke tu, naye yuko nje anamsubiri. Alikunywa chai, akala mandazi mawili, akaaga vizuri. Hatujamwona tena. Baada yake wamekuja wengine sita, na wote wamepitia njia hiyo hiyo. Mandazi ni yangu, Ndugu Mhariri.

2. Mzee wa ukoo wa gari hili ni Baldev. Huyu alifanya kazi na Jairus pale kiwanda cha magari cha Longbridge miaka kumi na minne, mmoja akifunga milango ya kushoto, mwingine ya kulia. Nilidhani yeye angemrudisha mwenzake kwenye akili. Kumbe kwao Punjab nako posa ni posa. Sasa mgeni akija, Baldev huketi kwenye kiti cha mbele, hukohoa kidogo, kisha huuliza: “And what does your father do?” yaani baba yako anafanya kazi gani. Halafu hula chapati zangu na kunieleza kwamba za mama yake zilikuwa laini zaidi. Nimemwomba mwanangu Tevin aongee nao kama kijana aliyezaliwa hapa. Alichosema ni, “Mum, I'm not getting involved,” yaani yeye hayumo, akapanda ngazi.

3. Leso zangu. Unajua kwamba siku hizi nyumbani Nyamira, siku ya posa, wasichana hufunikwa leso gubigubi, na bwana harusi hutakiwa amtambue wa kwake. Mwezi wa sita Jairus alichukua leso zangu nane, akafunika Pontiac upande mmoja na kigari kidogo cha Baldev upande wa pili, akamwambia mnunuzi achague. Ndugu yangu, lile la Baldev linaweza kulala ndani ya buti ya lile jingine. Hata kipofu angechagua. Lakini mnunuzi alipochagua vizuri, Jairus alidai amebahatisha. Leso moja ilikuwa ya marehemu mama, iliyoandikwa “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Imerudi na doa la grisi penye neno “apone”.

4. Kiti changu. Gari hili usukani wake uko kushoto, kwa kuwa Wamarekani ndivyo walivyo. Kwa hiyo mimi abiria nakaa kulia, mahali ambapo kila mtu Birmingham anatarajia kumwona dereva. Nimeshaonekana kwenye High Street nikimenya chungwa kwa mikono miwili huku gari likienda. Mama mmoja kwenye kituo cha basi alifumba macho. Kibaya zaidi, tukiwa nyuma ya lori, Jairus haoni mbele. Mimi ndiye macho. Nainama, nachungulia, nasema “ngoja” au “nenda”. Kutoka hapa mpaka Longbridge, Jumamosi iliyopita, nilihesabu: ngoja ishirini na mbili, nenda kumi na moja. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya wiki nzima.

5. Na hapa ndipo penye kidonda. Kiwanda kilipofungwa, mwezi wa nne mwaka 2005, Jairus alirudi nyumbani na koti lake la kazi na kikombe cha bati, akaketi kwenye meza hii ninayoandikia. Alikaa wiki tatu. Sikupata kumwogopea mtu hivyo. Ni Baldev aliyemletea yale mabaki kutoka yadi moja kule Aston, mlima wa kutu wenye taa moja, na Jairus akainuka. Nasema kweli na Mungu ananisikia, gari hilo lilimrudisha mume wangu duniani. Lakini halijamrudisha kwangu. Sasa anaendesha basi la jiji, mimi nafanya kazi hospitali, zamu zetu zinapishana mlangoni kama majirani. Saa yake moja ya bure anaipeleka gereji. Anasugua kromu ambayo tayari naweza kujipaka wanja ndani yake. Nami nakula na redio. Nataka mume wangu arudi ndani ya nyumba, na hawezi kurudi mpaka gari litoke.

Kwa sababu hizo, ninaomba ushirika uchague moja kati ya haya.

Ama tangazo libadilishwe, liseme: “Mnunuzi awe mtu yeyote mwenye mikono.”

Ama, kama wazee wa kanisa wanaona ni binti kweli, basi gari libatizwe, liandikwe kwenye daftari la washirika, lipewe zamu ya kufagia ukumbi na kupika chai ya Jumapili kama mabinti wenzake. Akina mama tutalifundisha mwaka mmoja namna ya kukaa na watu. Likikataa kuolewa baada ya hapo, lihamie kwaya, kwa maana sauti linayo, na sauti ya nne, ile nzito, mmekuwa mkilalamika ni dhaifu.

Ama mniruhusu na mimi nichapishe tangazo: “Mume anauzwa pamoja na gari. Yuko katika hali nzuri, amefanyiwa matengenezo, usukani wake uko upande usiotarajiwa.”

Nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumapili ya thelathini na nane.

Nawasalimu nyote nyumbani kwako: Mama Annonciata, ambaye bado ana bakuli langu, Gisèle na mitihani yake, kwaya yote, na hasa sauti ya nne. Mwambie mchungaji kwamba sina ugomvi na mtu.

Ni mimi, mshirika mwenzako niliyechoka kupika mandazi ya posa,
Kerubo, mke wa Jairus

Tanbihi: Sikuwa nimebandika stempu wakati kijana wa Aston aitwaye Charanjit alipopiga hodi. Alikuja na mama yake, wajomba wawili na boksi la peremende. Hakutaja bei. Aliwaamkia wazee kwanza. Chini ya leso alichagua gari lake, na Baldev mwenyewe akakosa la kukohoa. Jairus alitazama sakafu, akasema haya, twende tukalijaribu barabarani.

Jairus akakaa kushoto, Charanjit akakaa kwenye kiti changu. Mimi nilibaki getini na leso ya mama begani. Mwisho wa mtaa wetu lori la vinywaji lilikuwa limesimama, nao wakasimama nyuma yake. Nikamwona yule kijana anainama, anachungulia, midomo inatikisika. Na mume wangu akaenda.

Ndugu Évariste, niliona wivu ambao sijauona tangu nikiwa msichana. Saa yake moja ya bure alikuwa akinipa na mimi kila Jumamosi, nami nilikuwa nikihesabu maneno.

Waliporudi, Jairus alinipa ufunguo nimkabidhi mgeni, mimi nikiwa mama wa binti. Niliutia kifuani. Nikasema kwetu binti hatoki mpaka shangazi zake wafike, na shangazi zake wako Nyamira. Mama Charanjit alinitazama, akanishika mkono, akamwambia mwanawe wanywe chai waende. Vyombo aliviosha Jairus.

Tangazo liendelee kama lilivyo. Jumapili tutakuja nalo kanisani. Mkisikia ngurumo nje wakati wa maombi, msikatize. Ni mimi nimemwambia “nenda”.