Abiria Aliyehamishwa Ngeli

Elkana Ombati,
Behewa la Mwisho,
Gumbo, Juba.

Kwa Mheshimiwa Mama Pearl (Bi. Robinah),
Mkuu wa Stesheni, Dereva na Mpiga Filimbi,
Treni ya Gumbo.

Mama Pearl mheshimiwa,

KUH: MALALAMIKO YA ABIRIA, NA NENO MOJA LISILOVUMILIKA

Pokea salamu zangu zikiwa bado na vumbi la daraja. Mimi ni mzima, ukiondoa goti, ambalo wewe na Mwenyezi Mungu mmelizungumza sana. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikifungua mdomo kukueleza, unapuliza filimbi.

Huenda barua hii ikaangukia mikononi mwa mtu asiyetujua, kwa hiyo acha niseme wazi: treni yetu haina injini, wala reli, wala, tukisema ukweli, treni yenyewe. Ni sisi tunaoishi Gumbo na kufanya kazi ng'ambo ya mto. Asubuhi malori ya barabara ya Nimule yanaziba daraja, bodaboda hazipenyi, basi tunavuka kwa miguu, mmoja nyuma ya mwenzake, mkono kwenye mkoba wa aliye mbele, na wewe kichwani na koti lako la kung'aa ili madereva watuone. Aliyeita jambo hili treni ni wewe. Ungeliita msafara, nisingekuwa na la kusema. Lakini mimi, Mama Pearl, nimepanda treni ya kweli, kutoka Syokimau hadi mjini Nairobi, tangu nikiwa na nywele mpaka nikawa na kofia. Mtu akiniambia treni, nadai treni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuchelewa. Treni ya kwetu ikichelewa, abiria anailaumu, anafika kazini, anaitaja, anasamehewa. Yako inachelewa kwa maombi. Sasa nimlaumu nani? Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa na maombi siyapingi, lakini wewe humwombea kila abiria kwa jina na kwa ugonjwa. Sijasahau siku uliyofumba macho ukasema, "Baba, huyu Elkana iko na goti mbaya, na tumbo yake pia haisikii." Kisha ukainama ukaniwekea mkono juu ya goti, mchana kweupe, watu wakitazama. Hata Athok anayetuuzia chai pale tunapokusanyika, unapopaita stesheni, aliacha birika motoni akaja kulikagua hilo goti. Siku hizi wauza nyanya wa barabara nzima huniuliza tumbo limeamkaje.

2. Breki. Behewa langu liko nyuma ya Kato, na Kato hubeba trei za mayai kichwani. Ni kijana mwenye adabu, simchukii. Lakini lori likipiga honi, Kato husimama kama amepigwa picha, na mimi niliye nyuma yake namgonga. Pua yangu inalijua shati la Kato kuliko mama yake anavyolijua. Nikilalamika, naambiwa, "Pole pole, mayai!" Hakuna anayesema, "Pole pole, Elkana!" Sote tunapita daraja moja, sawa, ila mayai yanasafiri daraja la kwanza, na mimi, mhudumu wa mapokezi hotelini, la tatu. Haki iko wapi hapo?

3. Kelele. Katika treni ya kweli mtu akiongea na simu, injini inamfunika. Sisi hatuna injini, tuna Moraa. Mwalimu Moraa humpigia dada yake simu tunapokanyaga daraja tu, na treni nzima inajua kwamba mumewe alinunua friji bila kumwuliza, tena ya kijani. Kusema kweli si sauti inayoniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba daraja huisha kabla ya hadithi, na kesho yake Moraa anaanza nyingine. Ile friji ilirudishwa dukani au haikurudishwa? Abiria tuna haki ya kujua.

4. Ng'ombe. Treni ya kweli ikikutana na ng'ombe, ng'ombe ndiye anayefikiria la kufanya. Yetu ikikutana na ng'ombe, dereva anatuamuru tukumbatie chuma cha daraja. Wiki iliyopita fahali mmoja mweupe, pembe zake ndefu kuliko uvumilivu wangu, alinilamba mkono wa shati kuanzia kiwiko hadi kwenye kishikizo. Nilifika hotelini Amarat upande mmoja umelowa, na mteja akaniuliza kama mvua inanyesha nusu nusu.

5. Viti. Hakuna. Nilikuuliza kwa heshima, ukanijibu, "Wewe Elkana iko na maneno mingi. Kiti ni ya nini na treni inatembea?" Jibu hilo lilinikata maini. Katika treni ya kwetu pia nilisimama, lakini nilisimama nikikitazama kiti cha mtu mwingine, na hilo peke yake linampa binadamu matumaini.

6. Sasa nakuja kwenye jambo lililonitoa usingizi, na nakuomba usipulize filimbi.

Kila asubuhi tunapokusubiri umalize maombi, Athok hunitazama, mimi peke yangu, na kuniambia kwa sauti ya kusikika: "Geni."

Geni! Kato hamwiti hivyo. Moraa hamwiti hivyo. Mimi tu. Halafu anachukua kitambaa, anapangusa kiti kimoja cha plastiki ambacho hakuna anayekikalia, anakigonga kwa kiganja mara mbili, na kurudia: "Geni. Geni." Nadhani anakiandaa kwa ajili ya mtu wa maana, na ananionyesha kwamba mtu huyo si mimi. Mimi husimama wima, nakunywa chai yangu ya tangawizi ikiwa moto hivyo hivyo, na kutazama mtoni. Mtu hakai mahali anapotukanwa.

Angeniita mgeni, ningevumilia. Mgeni ni neno la ngeli ya A-WA, ngeli ya wenye uhai, na mimi kazi yangu ni mapokezi, wageni nawaheshimu. Lakini Athok hakusema mgeni. Alisema geni. Na geni, Mama Pearl, husemwa kwa jambo. Jambo geni. Neno geni. Yai geni! Mwanamke huyu amenitoa katika A-WA, ngeli aliyoniumbia Mungu, akanihamishia LI-YA pamoja na mayai ya Kato. Ndiyo maana nawaambia nyinyi watu wa Kampala kila siku kwamba upatanisho wa sarufi si mchezo. Mnasema "mimi iko" mbele ya watu wanaojifunza lugha, na matokeo yake ni mtu mzima kugeuzwa yai.

Wala usiniambie sielewi Kiarabu cha Juba. Ni kweli nilipofika niliuliza maji dukani, mwenye duka akanijibu "mafi", nami nikatoka pale nimefura, maana sikio langu lilisikia lile neno letu la chooni. Baadaye nikafahamishwa kwamba maana yake ni hakuna. Tangu siku hiyo sijakosea tena. Bukra naijua, ni kesho; malesh naijua, ni pole; yala naijua, ni twende.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimevuka daraja hili na nyinyi masika na kiangazi, nimelambwa na ng'ombe wenu, nimegongwa na mayai yenu, nimeitikia amina mpaka koo likakauka. Jembe langu liko wapi?

Sikuwa nimekwambia hili: wakubwa wa makao makuu ya hoteli yetu wananitaka nirudi Nairobi. Wanasubiri jibu langu Ijumaa. Dada yangu Loise ameshatandika kitanda. Nitarudi kwenye treni ya kweli, yenye injini, ambamo kwa miaka yote ile hakuna abiria aliyenijua jina, wala aliyejua kama nina goti. Nilikuwa nikisema huo ndio ustaarabu. Nikiandika sasa sioni kama ni ustaarabu, lakini nitaenda. Afadhali mtu kuwa si kitu kwao kuliko kuwa geni kwa watu.

Kwa hiyo nadai, kwa unyenyekevu wote: neno hilo liondolewe hadharani baada ya maombi, nirudishwe katika ngeli yangu, kiti kile cha plastiki kiondolewe machoni pangu, na Athok aambiwe kwamba ameniumiza. Hilo la mwisho likiwezekana peke yake, mengine nitayasamehe. Yasipofanyika, Ijumaa nawajibu Nairobi kwamba ninarudi.

Nisalimie Pearl, na umwambie asome kwa bidii. Nisalimie Kato pamoja na mayai, kila moja. Nisalimie Mwalimu Moraa, mumewe, na friji kama bado ipo. Nisalimie askari wa darajani wanaotutazama kila siku bila kutabasamu, na yule fahali akipita. Athok msalimie pia, ila usimwambie ni mimi.

Nabaki abiria wako, mkono wangu ukiwa kwenye mkoba wa Kato,

Elkana Ombati

N.B. Mama Pearl, barua hii ilikuwa bado mfukoni nikingoja upate nafasi ya kuipokea, na jana yametokea mengine.

Mzee mmoja aliingia hotelini amechoka kweli kweli. Mathiang, askari wetu wa getini, akamwelekeza kwenye kochi la mapokezi na kumwambia, "Geni, baba." Ala! Nilitoka nyuma ya meza mbio. Nikamfokea Mathiang mbele ya watu kwamba katika hoteli hii hatumtukani mtu kwa ugeni wake. Mathiang alisomea Eldoret, Kiswahili chake hakina shida. Alinitazama, akamtazama mzee, ambaye alikuwa ameshakaa na kunyoosha miguu. Kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Bosi, geni ni kaa. Keti. Ama ukae tu hapa, usiende."

Kiti kile, Mama Pearl, kilikuwa changu. Kilianza kuonekana pale stesheni asubuhi iliyofuata ile uliyoliombea goti. Muda wote huu mama wa watu ananipangusia kiti na kuniambia nikae, na mimi nimemsimamia na kumnunia kama mwenye deni lake. Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Leo asubuhi nilikaa. Wewe ulikuwa umefumba macho, hukuona. Athok alipiga makofi, akamwita jirani yake aje anione, akaniongezea sukari bila kuniuliza. Ulipopuliza filimbi nilitamani ungeomba kidogo zaidi.

Kwa hiyo tafadhali ifute namba sita, na ya tano, na ya kwanza. Ng'ombe nimewasamehe. Ya mayai iache kama ilivyo.

Nairobi nimewajibu bila kungoja Ijumaa, tena kwa Kiarabu changu kipya: "Ana geni." Yaani, mimi nakaa. Wamenipigia simu wakiuliza nina mgeni gani, na ataondoka lini. Nimewaambia haondoki.