Njooni Mlichukue Kochi Lenu

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Keti Vyema,
Voi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KOCHI MLILOTUPATIA BURE

Pokea salamu kutoka huku Sagalla. Mimi ni Hillary Mwandawiro, yule ambaye vijana wenu walimpiga picha akitabasamu kando ya kochi la watu wawili. Tabasamu lile nalifuta kwa barua hii. Nashukuru kwa moyo wenu wa kutoa, lakini naomba mje mlichukue kochi lenu kabla halijanitoa nyumbani kwangu. Sababu ni hizi:

1. Kochi halikupita mlangoni. Ilibidi tung'oe fremu na kubomoa ukuta, majirani wawili wakibeba na wengine wote wakitoa amri. Sasa nina mlango ambao mbuzi wa Cyrus, jirani yangu, huuingia kama wa kwao.

2. Jioni ile ile mke wangu, Mkamburi, alilifunika kwa vitambaa alivyovifuma zamani, wakati hatukuwa na cha kufunika. Nilipokaribia nikaambiwa kochi ni la wageni. Nimerudi kwenye kigoda changu, ila sasa kiko pale mbuzi anapopitia, maana kochi limemaliza chumba. Siku moja nilitoka nje, nikapiga hodi, nikajitambulisha kama mgeni kutoka Wundanyi. Nilikaribishwa vizuri sana, nikapewa chai kwenye kikombe cha maua, kisha nikaulizwa nitaondoka saa ngapi.

3. Ushirika wetu wa maombi wa Jumatano ulikuwa ukizunguka nyumba hadi nyumba. Tangu Mama Moureen, kiongozi wetu, alionje kochi lenu, anasema Roho anamwongoza kwetu kila wiki. Wageni hunywa chai, na chai ni maji. Maji yetu mnayajua: Mkamburi huyateka huko chini na kuyapandisha mlima, jerikeni mgongoni. Nikipiga hesabu, kochi lenu linakunywa kuliko ng'ombe, na maziwa halitoi.

4. Mzee wa kijiji alipita, akaliona kupitia huo mlango mpana, akatangaza kwamba mwenye kochi hana haki ya kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Kwa hivyo mmetutoa kwenye umaskini, nawapongeza, ila sufuria bado haijapata habari.

5. Kutokana na hayo, kama kulichukua ni vigumu, naomba shirika lituletee kochi la pili la wenye nyumba, tangi la maji kwa ajili ya wageni, na chumba cha kuliweka kochi la kwanza ili tuishi mbali nalo kwa amani. Chumba hicho kikishajengwa, mzee wa kijiji atatuita matajiri kabisa, kwa hivyo mtuletee na mahindi. Mkiona haya ni mengi, lori peke yake litatosha.

Nisalimieni vijana wa kubeba, dereva aliyekataa kupandisha lori mpaka juu, yule mama wa ofisini aliyeniita mnufaika, na wote huko Voi wenye mahali pa kuketi.

Wenu mnufaika aliyesimama,

Hillary Mwandawiro.

N.B. Nilipoingia ndani kutafuta bahasha nimemkuta Mkamburi amelala kwenye kochi. Vitambaa amevikunja akaviweka kando, jerikeni iko hapo chini, bado imejaa. Tangu nimuoe sijawahi kumwona mama huyu akilala mchana, hata alipokuwa mgonjwa. Nimesimama nikamtazama, na nimeona aibu kwa yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa lile jambo la nne. Tafadhali msije na lori. Mama Moureen nitamwambia mwenyewe kwamba Jumatano hii zamu ni yake. Lakini kama kwenye stoo yenu kuna stuli ndogo iliyobaki, tumeni mtu nayo upesi, kwa sababu kochi ni fupi na miguu ya Mkamburi inaning'inia.