Siku ya Wakubwa

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu katangaza: kila darasa la chekechea lifundishe sikukuu moja na mila zake. Ijumaa anakuja mkaguzi. Atakayemfurahisha anakuwa msimamizi wa chekechea. Nafasi yangu hiyo! Miaka sita nimefuta makamasi ya watoto wa watu. Mwalimu wa chekechea ya jirani, Mama Chati, tayari anakata karatasi za rangi. Nimempigia mama yangu simu anieleze mila za kwetu. Kaanzia kwa babu wa babu yake. Nikasingizia mtandao mbovu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Nimetunga yangu: Siku ya Wakubwa. Wakubwa hukaa vitini. Wadogo hukaa mkekani na hawasemi mpaka waruhusiwe. Watoto ishirini na wawili, kimya! Nimewaambia ni mila ya tangu enzi na enzi, haibadilishwi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Kibonge kagoma kukaa mkekani. Eti karithi jina la babu yake, na nyumbani wote wanamwita Babu. Nikampa kiti. Kosa! Mapacha wakadai mmoja ni Bibi, mwingine Shangazi. Kufika saa nne nina mababu tisa, mabibi saba, mashangazi watano na mjomba mmoja. Mkekani hakuna mtu. Wakaniuliza nyumbani naitwa nani. Nikasema kweli, mjinga mimi. Mama huniita Mtoto.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu kuifuta sikukuu. Wamekataa katakata, mila haibadilishwi. Mkekani nakaa mimi, magoti yananiuma. Mama Chati kachungulia dirishani, kaniletea mto wa kukalia. Sikuomba!

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kaingia. Wazee wangu vitini, wametulia. Mimi chini. Akaniuliza asili ya sikukuu yenyewe. Nilipofungua mdomo tu, Kibonge akainua kidole.
"Mtoto, nani kakuruhusu?"
Nikainua kidole nami, sikuruhusiwa. Mkaguzi akangoja, akaandika, akatoka. Msimamizi ni Mama Chati. Imeniuma, sifichi. Mkaguzi kaacha ujumbe: asiyejua asili ya mila huuliza wazee; nikakae na mama yangu, nimsikilize mpaka mwisho.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kapiga simu mara tatu. Yuko tayari kuendelea, kafika kwa baba wa babu yake. Sijapokea, nina kazi. Si darasa langu zima ni wazee? Wazee huchoka. Kuanzia Jumatatu, Siku ya Wazee Kulala, saa tatu mpaka saa sita. Mkeka ninao, na mto pia.