Radi Tisa na Gunia la Michembe

Tegeni masikio, enyi wa Gongoni na Mtendeni, nanyi wa Lusu mliofikiwa na nusu tu ya habari. Wekeni vikombe chini, nyamazisheni vyerehani, kwani sasa vinasimuliwa vita ambavyo mfano wake haukupata kuonekana tangu misafara ya pembe ilipopita mji huu na ngoma zake. Ni habari za Leodgar mwana wa Wenceslaus, Bwana wa Minyororo na Spoku, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye siku moja ya kiangazi alijinunulia simu.

Simu hiyo iliitwa Radi Tisa, na juu ya boksi lake paliandikwa kwa herufi za rangi ya moto: Silaha ya mchezaji, bei ya mwananchi. Mgongoni ilikuwa na macho matatu ya kamera, moja likiona kwa shida na mawili yakiwa pambo. Taa zake za nyuma zilimetameta nyekundu, kijani na zambarau, hata ungedhani mtu kashika harusi kiganjani. Hafsa, muuzaji mwenye ulimi wa asali, alimwapia Leodgar kuwa ndani mna mfumo wa kupoza joto uliobuniwa kwa ajili ya mabingwa. Leodgar aliamini, kwa kuwa alitaka kuamini, na anayetaka kudanganywa hakosi wa kumsaidia. Alipita nyumbani kumwonyesha mkewe Theodora, akakitazama kile kitochi cha mkewe, kisimu cha vitufe chenye taa utosini, akatamka kwa sauti ya mfalme anayepindua mfalme, "Zama zako zimekwisha." Kitochi hakikujibu.

"Gunia la mama limeshushwa Mtendeni tangu asubuhi," Theodora akasema. "Kalichukue, mume wangu. Nataka nimpigie nimwambie limefika."

Gunia hilo lilikuwa la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alivyotuma mama mkwe kutoka Lusu. Nalo lilikuwa limewekwa kijiweni kwa Issa, Mfalme wa Birika, muuza kahawa. Issa ni Mzaramo, Leodgar ni Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara: mtani hukutukana mbele ya wakwe, hukuzika kwa vicheko, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Karibu, mjukuu wa mizigo," alisema Issa, akimwaga mashapo ya kahawa. "Mababu zako walibeba pembe za watu hadi pwani, wakarudi na shanga. Nawe naona umerudi na taa za disko."

Leodgar alisimama wima, kifua mbele. "Ewe mwana wa pwani uliyezaliwa karibu na chumvi ukakosa ladha, mababu zangu walibeba kwa sababu mababu zako walishindwa. Leo nitakuonyesha. Tucheze mpira wa simu, mimi kwa Radi Tisa, wewe kwa hicho kigae chako ulichokifunga mpira wa manati. Atakayeshindwa atalibeba gunia hili kichwani, kwa miguu, hadi Gongoni, na mshindi atatangulia akipiga debe."

Msemaji wa maneno hayo alikuwa amekuja na baiskeli, imara, yenye karia pana ya kupakia mizigo, imeegemezwa ukutani nyuma yake. Lakini mashujaa hawana macho ya vitu vya namna hiyo. Akilini mwake Leodgar alijiona tayari yuko mbele na debe, ingawa alijua pia upande wa pili wa ahadi: akishindwa, ukoo wa Wenceslaus utapita mbele ya mji mzima ukiwa umebebeshwa na Mzaramo, na wajukuu watasimuliwa.

Basi vita vikaanza. Radi Tisa iliingia uwanjani kwa ngurumo, spika zake zikipiga kelele kama bati la bomba la moshi lililolegea. Leodgar alifunga bao la kwanza, akainuka, akatazama pande zote kuhakikisha ameonekana. Kisha likatokea tangazo la godoro, likafunika uwanja wote, na alipofanikiwa kulifuta alikuta Issa amesawazisha. Likaja la dawa ya meno. Bao la pili likamwingia nyuma ya tangazo hilo. Simu ikaanza kupata joto. Kwanza lilikuwa joto la andazi, kisha la sufuria, na mabingwa wa Leodgar wakaanza kukimbia kwa kurukaruka, mguu hapa, kiwiliwili kule. Hatimaye, Issa akiwa amebaki yeye na goli tupu, kioo cha Radi Tisa kikaganda.

Uwanja ukasimama kwa wote wawili, mchezo ukimsubiri aliyepotea. Leodgar akafanya alichofundishwa na bibi yake kwa kila kilichopata homa: aliichukua simu akailaza juu ya mtungi wa maji uliofungwa gunia bichi, akaifunika na kitambaa, akainamisha kichwa. Huo ndio mfumo wa kupoza uliobuniwa kwa ajili ya mabingwa.

Issa aliona saa yake imefika. Aliiinua simu yake juu ili umma uone goli tupu, akahutubu. "Enyi wanywa kahawa, shuhudieni mwisho wa mpagazi. Nimebakiza kidole kimoja tu, nami sina haraka, kwa kuwa ushindi mtamu haumezwi, hutafunwa. Nitakumbuka leo nikiwa mzee. Nitawaambia watoto wangu kuwa Mnyamwezi aliniwekea simu kwenye mtungi..."

Akaeleza ukoo wake hadi babu wa sita. Akaeleza tofauti ya kahawa na ushujaa. Na alipoishusha simu ili apige lile shuti moja, kioo kilikuwa cheusi. Chaji ilimwishia katikati ya hotuba.

Chini ya kitambaa Radi Tisa ikazinduka. Ikaonyesha godoro. Ikaonyesha dawa ya meno. Kisha ikaandika kwa dhahabu: Umeshinda, mpinzani amekimbia. Halafu nayo ikazima.

Hivyo ndivyo Leodgar alivyoshinda, bila kufanya lolote, na akaupokea ushindi kana kwamba aliupanga. Issa alijitwika gunia bila neno, na hilo pekee lingepaswa kumtia mwenzake shaka. Msafara ukaanza, Leodgar mbele na debe, akilipiga hadi viganja vikawaka. Najiat, muuza vitumbua wa njia panda, aliwatazama wakipita, akauliza, "Kwani baiskeli imeharibika?"

Walipofika Gongoni Issa alitua gunia mlangoni, akakaa kwenye mkeka. "Shemeji," alimwambia Theodora, "mpagazi amefika. Sheria ya njia hii ni kongwe kuliko nyumba hii: mzigo ukitua, posho itoke."

Mtani akidai hanyimwi. Kulikuwa na ugali, na mgebuka mmoja, samaki wa Kigoma, mnene, ambao Leodgar alikuwa akiuwaza tangu asubuhi. Theodora akauweka wote mbele ya Issa, akamnawisha. Shujaa aliingiwa na uchungu wa kweli. Alipapasa Radi Tisa apige picha, dunia ijue nani kambebea nani, nayo ikabaki baridi na nyeusi, macho yote matatu yakimtazama.

Theodora akachukua kitochi, akabonyeza.

"Shikamoo, mama. Michembe imefika salama. Ndiyo, yote. Ameileta shemeji Issa, kichwani, maskini, toka Mtendeni." Akasikiliza kidogo. "Leodgar? Yupo. Yeye alishika debe."

Na hivyo ndivyo habari ilivyopokelewa Lusu, ndivyo inavyosimuliwa huko mpaka leo, na ndivyo itakavyobaki. Utukufu ni wako, ee Leodgar mwana wa Wenceslaus, mshindi wa Mtendeni; tafuna michembe yako mikavu taratibu, mgeni bado anakula.