Yah: Mjusi Aliyegoma Kula Tangu Ruthu Arudi Kibakwe

Makole, Dodoma
4 Machi 1995

Mzee Nathanaeli,
Kibakwe, Mpwapwa.

Baba mkwe mheshimiwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mahindi yamebeba na vitunguu havijaozeshwa na mvua. Mimi mkweo Ambokile, karani wa masjala, sijambo kwa kiasi ambacho mazingira yanaruhusu. Nakuandikia kiofisi kwa sababu nimejaribu mara tatu kukuandikia kifamilia na kila mara nimeishia kwenye salamu. Kiofisi nina uzoefu wa miaka kumi na minne.

Kichwa cha habari hapo juu ni kuhusu mjusi, kama utakavyokumbuka, au kama Ruthu alivyokusimulia kwa maneno makali kuliko yangu. Mwaka jana mradi wa visima ulipofungwa, mtaalamu wao Bwana Henry alirudi kwao Ulaya na kuniachia mnyama wake wa kufuga. Ni mjusi wa manjano mwenye madoadoa ya chui, mpole, mnene wa mkia, asiyepanda ukuta kama hawa wetu. Wenzangu waliachiwa majokofu. Katika soko huria kila mtu hupokea kinachomfikia, na mimi nilipokea kwa mikono miwili.

Mjusi huyu hali chakula. Baada ya uchunguzi wa kina nimeridhika kwamba chanzo ni kutokuwepo kwa binti yako, aliyeondoka hapa tarehe 3 Januari na mfuko mmoja bila kuaga. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mjusi alikataa kumbikumbi. Hapa naomba niwe mkweli, maana najua habari imeshafika. Mvua ya kwanza ya Desemba Ruthu aliwakusanya kumbikumbi kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, akawapepeta mabawa, akawakaanga kwa chumvi, akawaanika, akajaza kopo la maziwa ya unga mpaka juu. Kopo lile lilikuwa lako, kama kila mwaka. Aliyelifungua ni mimi. Bwana Henry alikuwa ameniambia mjusi anakula wadudu, nami sikuona mahali popote Dodoma wadudu walioandaliwa kwa heshima kuliko wale. Nilimtengea kwenye kisahani kwa siku nane mfululizo. Aliwatazama kama mkaguzi anavyotazama stakabadhi iliyofutwafutwa, kisha akageuka. Waliolala kisahanini niliwatupa kila asubuhi nikaweka wengine, nikidhani anapenda wapya, mpaka kopo likaisha. Naomba ieleweke kwamba dharau hiyo kwa mzazi ilikuwa ya mjusi.

2. Alikataa kushukuru. Mjusi wa aina hii akipata baridi tumbo lake halisagi chakula, na umeme ulikuwa wa mgao. Kwa hiyo nilichukua jiko la mkaa la Ruthu nikaliweka kando ya boksi lake. Ruthu alipika uani kwa kuni wiki mbili, mvua ikinyesha, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili. Nilichukulia kwamba ameafiki. Nalalamika kwamba mtumishi yeyote anayekusudia kuondoka hutakiwa kutoa taarifa ya maandishi, na ningepata hata karatasi ndogo juu ya meza ningejua pa kuanzia.

3. Alikataa panzi waliokaushwa, mende waliooshwa kwa maji ya moto, na nyama ya kusaga niliyoifuata soko la Majengo. Wiki ya nyama hiyo sisi binadamu tulikula ugali kwa mlenda siku zote saba. Mwalimu Silvano, anayefundisha biolojia hapa mtaani, aliniambia kwamba mjusi huyu hula kitu kinachotembea tu, kikitulia yeye hakioni. Nilimjibu kwamba kwetu Rungwe, na naamini hata kwenu Kibakwe, mgeni haandaliwi chakula cha kukimbizana nacho. Mwalimu alicheka mno kwa mtu wa elimu yake.

Hadi hapo, Baba, ilikuwa ni kuchagua chakula tu, jambo ambalo tungeweza kulimaliza ndani ya nyumba. Mgomo kamili ulianza baada ya Ruthu kuondoka, na hali ni kama ifuatavyo.

4. Amekataa ugali. Mama Paskazia, jirani yetu, anatuletea kwenye hotpoti kwa kutuonea huruma, na mgomaji wetu anaumega mara moja, anauzungusha kidoleni, anaurudisha. Mlenda wa mama huyo huyo ameukataa pia, ingawa nimeuonja na hauna kasoro yoyote isipokuwa umepikwa na mtu mwingine.

5. Saa kumi na moja jioni, saa ambayo Ruthu hurudi na robota lake la mitumba kutoka mnadani, anageukia mlango na kukaa hivyo mpaka giza liingie. Nimekihamisha kiti chake mara mbili. Bado anajua mlango uko wapi.

6. Amekonda kiasi kwamba mkanda wake umeongezwa matundu mawili kwa msumari wa moto.

7. Jumapili tatu zilizopita amekataa kwenda kanisani. Akinamama wa kwaya humsimamisha mlangoni wakitaka kujua Ruthu atarudi lini, naye hana jibu lililoidhinishwa. Jumapili ya mwisho alizunguka kwa nyuma akiwa amevaa koti, akasikiliza mahubiri dirishani, akaondoka kabla ya sadaka. Mzee wa kanisa amemwona na ameahidi kumtembelea.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa unyenyekevu binti yako arejeshwe kwenye kituo chake, hata kwa majaribio ya mwezi mmoja. Nafahamu kwamba Ruthu si dawa ya mifugo na kwamba sikumwoa kwa ajili ya mjusi. Kwa upande wangu, jiko limerudi jikoni, limesuguliwa, na nimenunua mkaa gunia zima. Mvua za kwanza za mwaka huu nitainama mwenyewe kwenye kichuguu, nitapepeta mwenyewe, na kopo nitalileta Kibakwe kwa mkono wangu bila kulifungua njiani.

Nisalimie Mama mkwe, kwa umbali ule ule unaonipasa. Wasalimie mashemeji, pamoja na yule aliyesema nikionekana huko nitakula wadudu mimi; wasalimie pia jirani zako wa bondeni na fahali wako ambaye nasikia sasa amepona mguu. Msalimie na Ruthu, ikiwa atakuwa karibu barua ikisomwa. Kama yuko mbali naomba aitwe.

Ni mimi mkweo, nikingoja maelekezo yako,

Ambokile
Karani wa Masjala

Nakala: Mwalimu Silvano, kwa taarifa.

Nyongeza: Baba, nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga na nimeona haya kumdanganya mzee wa umri wako. Mjusi hayupo hapa. Nilimpa Mwalimu Silvano wiki moja baada ya Ruthu kuondoka. Huko anapewa mende wazima wanaokimbia, anawakamata wote, mkia wake umezidi kidole gumba changu, na hana habari ya mtu yeyote. Kuanzia lalamiko la nne niliyekuwa namweleza ni mimi. Nilikosea kuhusu kopo lako, na kuhusu jiko nilikosea zaidi, kwa sababu nilikuwa namwona akilowa pale uani nami nikamfunika mjusi. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Basi la kutoka kwenu huingia hapa mchana. Barua hii ndiyo kwanza naipeleka posta, lakini stendi nimekuwa nikienda tangu Jumatatu.